Marehemu ni nani katika shairi lako?

Ndugu msomaji, leo nina ugomvi na washairi wenzangu wa Bariadi, na mimi mwenyewe nimo.

Tarehe 11 Januari 2022, huko Busega, gari la waandishi wa habari wa Mwanza waliokuwa kwenye msafara wa kwenda Ukerewe liligongana na Hiace ya abiria. Walikufa watu wasiopungua 14. Jumapili iliyofuata kanisa letu lilikuwa matanga matupu, na sisi vijana tukapewa nafasi ya kusoma tungo.

Vina vilikaa, mizani ikatimia. Lakini sote tuliwalilia waandishi tu, tena kwa maneno yaleyale: ajali haina kinga, kazi ya Mungu haina makosa. Shairi langu ungeweza kulisoma hata kwenye msiba wa babu aliyekufa kwa uzee!

Ndipo mama mmoja akasimama kuomba. Hakuwa na vina. Aliwaombea wale wa kwenye Hiace: aliyeshika nauli mkononi, aliyepakata mtoto, aliyeacha chungu jikoni akisema narudi jioni. Kanisa zima likalia upya.

Kumbe ndiyo kazi yetu ile. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe, alimwita kwa jina lake, Amina, na alikuwa mcha Mungu vilevile. Tusimsingizie Mungu uvivu wetu, jamani.

Langu nimelichana. Naandika upya, na safari hii naanzia kwenye Hiace.