Fungu la Mafunzo Wakati wa Hali Ngumu: Tukosoe na Tujikosoe

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja mambo manne ambayo nchi inayahitaji ili iendelee: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Fedha haikuwamo. Haikuachwa kwa kusahauliwa. Chama kilitaka wananchi waelewe kwamba fedha ni tunda la kazi ya watu. Mkulima anayekata shina ili aokoe tunda hatavuna msimu ujao.

Tukishakubali hilo, tuitazame bajeti ya idara yoyote ya umma. Mishahara ina sehemu yake. Sehemu nyingine huitwa matumizi mengineyo, na humo ndimo yalimo mafunzo ya watumishi, pamoja na petroli na karatasi. Mwaka 1996 Serikali ilianza utaratibu wa kutumia kwa kadiri ya fedha zilizokusanywa. Utaratibu huo ulisaidia kuzuia madeni na kupunguza mfumuko wa bei, na jambo hilo tusilibeze. Lakini makusanyo yanapopungua, mshahara haukatiki, gari lazima litembee, na kinachobaki cha kukatwa ni mafunzo. Kwa maneno tunasema mtu ni msingi. Kwa hesabu tumemweka mahali pa akiba ya dharura.

Je, historia yetu inafundisha nini? Mwaka 1974 ulikuwa mwaka mgumu. Ukame ulikuwa umeharibu mazao, mahindi yalinunuliwa nje, na bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda karibu mara nne. Katika hali hiyo hiyo, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977. Walimu hawakuwapo, wala fedha za kujenga vyuo vya kuwatosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walipewa vipindi vichache vya kufundisha, na saa zilizobaki wakasoma ualimu huko huko vijijini, kwa kusaidiwa na waratibu, masomo ya posta na redio. Walimu wapatao 35,000 walipatikana kwa njia hiyo. Kada mkweli hafichi upande wa pili: wengi wao walikuwa na elimu nyembamba, na ubora wa shule ulishuka. Hata hivyo uamuzi ulikuwa wazi. Fedha zilipopungua, Chama kilitafuta njia nyingine ya kufundisha, hakikuacha kufundisha.

Linganisha na miaka ya 1990. Chini ya masharti ya kupunguza matumizi, makumi ya maelfu ya watumishi walipunguzwa, na ajira mpya katika afya zikasimamishwa kwa miaka kadhaa. Vitabu vya hesabu vilipendeza. Mwaka 2007 ukaja Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, uliolenga kila kijiji kiwe na zahanati. Wananchi walibeba mawe, wakafyatua matofali, majengo yakasimama. Mengi yakakosa mganga na muuguzi wa kutosha. Jengo hujengwa kwa msimu mmoja. Muuguzi huchukua miaka. Kilichookolewa na mhasibu kililipwa na mama mjamzito.

Lakini tusiishie kumlaumu mhasibu. Yeye hukata kile ambacho hakuna anayekitetea. Afisa utumishi akiulizwa mafunzo ya mwaka jana yamebadili nini, hutoa orodha ya mahudhurio na hati za posho. Nasi wakufunzi wa siasa tusijifiche. Mwandishi wa makala haya amefundisha semina ya siku tatu ambayo asubuhi ya kwanza iliisha kwa hotuba za ufunguzi na alasiri ya mwisho kwa foleni ya posho. Nami nilipanga foleni na kusaini. Mwaka uliofuata fungu la semina ile lilifutwa, na sikumsikia mwananchi hata mmoja akilalamika. Ukimya ule ulikuwa hukumu juu ya kazi yetu.

Kazi iliyo mbele yetu ni hii:

Kwanza, posho na mafunzo vitenganishwe katika hesabu, ili hali ikiwa ngumu kipunguzwe kile kisichofundisha.

Pili, mafunzo yarudi mahali pa kazi. Mwenye ujuzi amfundishe mwenzake saa chache kila juma, bila hoteli wala begi la semina. Hii isiwe kisingizio cha kufuta fungu lote. Walimu wa vijijini wametuonyesha kwamba mafunzo ya bei nafuu yasiyofuatiliwa huzaa wataalamu nusu. Kwa hiyo fedha ya ufuatiliaji ilindwe.

Tatu, afisa utumishi ajikosoe mbele ya wenzake. Mabaraza ya wafanyakazi, yaliyotokana na Waraka wa Rais wa mwaka 1970, ndiyo mahali pake. Aseme ni mwananchi gani aliyehudumiwa vizuri zaidi kwa sababu ya mafunzo aliyoyapanga. Akikosa jibu, asiombe fungu kubwa zaidi. Aombe msaada wa kufikiri.

Kujikosoa hakuhitaji kibali cha Hazina. Hali ngumu ikitukuta hatujajikosoa, itatukata yenyewe, na haitachagua.