Pongezi kwa Wahudumu wa Afya ya Jamii wa Rapsu

Shule zikifungwa mwezi wa Agosti, watoto wa Rapsu, nchini Kenya, hawapelekwi kambini. Kambi yao ni nyumbani: wengine huchunga mbuzi, wengine husaidia kwenye mashamba yanayomwagiliwa maji. Afya yao imo mikononi mwa nani? Mwa wazazi kwanza, kisha mwa wahudumu wa afya ya jamii, na hao ndio ninaowapongeza leo.

Septemba 2023 serikali ya Kenya iliwakabidhi wahudumu takriban 100,000 nchini mikoba ya kazi. Mkoba ni mdogo, kazi ni kubwa. Utepe wa kupima mkono wa mtoto wa kuanzia miezi sita hadi chini ya miaka mitano humaliza ubishi: chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu, utapiamlo mkali, na mtoto hupelekwa kituoni bila kungoja. Anayeharisha hupewa ORS ya kurudisha maji mwilini, pamoja na zinki. Mwenye homa hupimwa malaria, kwa kuwa penye maji yaliyotuama mbu hawakosi. Mzazi naye hukumbushwa chandarua, maji yaliyochemshwa, na kutomwacha mtoto peke yake kando ya mfereji wa umwagiliaji.

Kinga ni bora kuliko tiba, na wahudumu hawa ndio wanaoibeba kinga hiyo hadi mlangoni. Malipo yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Yalipwe kwa wakati.