Neno "Leso" Makamusini na Vinywani mwa Watu wa Malindi

Msomaji wa Dar es Salaam akikuta katika hadithi kwamba mwanamke "alijifunga leso akatoka", huenda akacheka. Kwake yeye leso ni kitambaa cha mkononi, cha kufutia jasho na kupengea kamasi, nacho hakitoshi kumsitiri mtu. Toka Mombasa kupitia Kilifi hata Malindi hapana atakayecheka. Huko leso ndiyo nguo yenyewe, ile iitwayo kanga Unguja na bara: huuzwa kwa doti, vipande viwili, kimoja cha kujifunga na kimoja cha kujitanda. Wanawake wa Kigiriama nao huivaa pamoja na hando.

Makamusi ya Kiswahili Sanifu hayakulisahau neno hili. Mara nyingi huliandika kwa maana zote mbili. Kasoro imo katika jinsi ya kueleza: kitambaa hupewa maelezo kamili, na nguo hufasiriwa kwa neno moja tu, "kanga", kana kwamba usemi wa mwambao wa kaskazini ni lakabu ya jambo ambalo jina lake halisi liko Unguja. Chanzo chajulikana. Mwaka 1928 Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa lugha sanifu, na mkutano uliokichagua ulifanyika Mombasa, nyumbani kwa Kimvita.

Asili ya neno haina ugomvi mkubwa. Ni Kireno, lenço, lililotokana na Kilatini linteum, yaani nguo ya kitani. Irabu ya Kireno itamkwayo puani haimo katika Kiswahili, kwa hiyo ikabaki e tupu; nayo o ya mwisho ikadumu kama ilivyodumu katika kopo na mvinyo. Wala si ajabu kitambaa kimoja kuwa na maana zinazotanga. Neno la Kiingereza handkerchief limebeba ndani yake Kifaransa cha kale chenye maana ya "kifunika kichwa". Waingereza wakakitia mkononi, kisha mfukoni, na kamusi zao hazikuona haya.

Penye ugomvi ni kile kisa kisimuliwacho kila mahali: kwamba wanawake walinunua vitambaa vya leso vikiwa bado havijatenganishwa, wakakata sita, wakaviunga vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja. Kisa chenyewe chaweza kuaminika, lakini kikisimuliwa bila tarehe hupotosha. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498. Ngome ya Mombasa ilianza kujengwa 1593, na Wareno wakanyang'anywa 1698. Nguo hizi zilienea katika nusu ya pili ya karne ya 19. Kati ya hapo pana zaidi ya miaka mia moja na hamsini, ambamo neno liliishi likiitwa leso bila nguo ya kujifunga. Basi neno lilitangulia na kitambaa kidogo, nguo ilifuata.

Kwa hiyo makamusi, yakitanguliza kitambaa, yana haki kwa upande wa historia. Ila kisa hicho hicho, kikikubaliwa, huyahukumu kwa upande wa pili. Nguo ya kuungwa ndiyo ya kwanza, nayo ilirithi jina la vipande vyake. Iliyochapwa nzima ilikuja baadaye, na inasemekana ikaitwa kanga kwa madoa yake kama ya ndege. (Wako wanaolitoa neno kanga katika kitenzi kukanga, na wanaoandika khanga kuonyesha mpumuo. Mpumuo huo haukati shauri: jina la ndege huutamka, na nomino ya ngeli hiyo iliyozaliwa na kitenzi ingeutamka vilevile.) Kuieleza leso kwa kanga, basi, ni kumweleza mzazi kwa jina la mwanawe.

Hasara yake humfika kwanza mwanafunzi wa Kilifi, afungue kamusi shuleni akute vazi la mama yake limeelekezwa kwingine. Leso yastahili maelezo yake yenyewe: nguo ya pamba yenye pindo na mji, na kwa kawaida jina, yaani maandishi, ivaliwayo kwa doti, Kenya pwani. Na chini ya kanga nako kuandikwe: tazama leso.