Upepo si wa mwenye boti, lakini feza ni ya nani?

Nyuma ya tiketi niliyokata bandarini Kalundu kuna sentensi moja tu, imepigwa kwa muhuri wa bluu: "Feza ikishalipwa hairudishwe." Bandugu na badada, leo naomba tuisome hiyo sentensi pamoja, polepole, vile tulikuwa tunasoma maswali ya mtihani. Ni maneno matatu tu, lakini yanabeba mambo mengi.

Kwanza kisa chenyewe. Mwezi wa tisa nilitoka Luvungi na magunia sita ya vijiti vya mihogo ya kupanda, aina inayovumilia ugonjwa wa mozaiki. Kikundi kimoja cha wakulima karibu na Baraka kilikuwa kinavingojea juu mvua ilikuwa karibu. Barabara ilikuwa mbaya, basi nikachagua ziwa. Nililipa yote mbele: dola 15 za nafasi yangu, dola 30 za mizigo.

Usiku upepo wa kusini ukaanza. Mwenye kukaa Uvira anaujua. Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilometa 670, na huo upepo unasukuma maji kwa urefu wake, mpaka mawimbi yanatufikia huku kaskazini yakiwa yameshakomaa. Asubuhi boti haikutoka. Kesho yake pia hapana. Kijiti cha muhogo ukikiweka kivulini kinavumilia siku nyingi, lakini ndani ya gunia, juani, bandarini, macho yake yanakufa haraka. Siku ya tatu nikaenda kwa mwenye kukatisha tiketi.

— Papa, basi munirudishie yangu, nitafute gari.

— Mwanangu, upepo si mie naituma. Feza ikishaingia haitokake tena.

Jambo la kwanza alilosema ni kweli: si yeye njo anatuma upepo. Kosa liko kwenye jambo la pili, juu halitoki kwenye lile la kwanza. Ameyashona pamoja kama kitambaa kimoja, na sisi wote, hata wenye lisansi, tunakubali.

Rafiki yangu mmoja wa sheria aliniambia, "Ni fosi mazheri, nyamaza." Nikamwomba anionyeshe. Kitabu cha Tatu cha Sheria yetu ya Kiraia, amri ya tarehe 30 Julai 1888, ibara ya 46, inasema kwamba mtu aliyezuiliwa na nguvu isiyozuilika halipi fidia. Vizuri. Fidia ni malipo ya hasara: vijiti vyangu vilivyokauka, siku zangu zilizopotea. Hiyo siidai kwake. Lakini dola 45 si fidia. Ni bei ya safari ambayo haikufanyika. Wanasheria wenyewe wanafundisha kwamba kazi ya upande mmoja ikishindikana kabisa kwa nguvu hiyo, upande wa pili nao unafunguliwa, haulipi tena. Upepo ukimfungua yeye asinisafirishe, njo unanifungua na mimi nisilipe.

Atanijibu kwa ibara ya 33: makubaliano halali ni sheria kwa wale waliyoyafanya, na muhuri wa bluu uko pale. Sawa. Lakini mie niliuona muhuri kisha kulipa, nilipopewa tiketi mkononi. Jambo ambalo mtu hakuonyeshwa, alilikubali saa ngapi?

Wazungu nao wanatofautisha mambo haya mawili. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1177 ya mwaka 2010, juu ya abiria wa meli, inasema safari ikifutwa abiria achague: apelekwe kwa njia nyingine ao arudishiwe bei ya tiketi. Hali ya hewa mbaya inamwokoa mwenye meli na fidia, haimwokoi na kurudisha bei. Wale wanaolipia safari za meli za kitalii miezi mingi mbele wananunua na bima ya safari, na hata hiyo ina mtego wake: ukiinunua dhoruba ikiwa imeshatangazwa, kwa kawaida hailipi kwa dhoruba hiyo. Kwetu, sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 iliondoa ukiritimba wa SONAS. Lakini mie pale bandarini hakuna aliyenionyesha bima ya tiketi ya dola 15. Ulinzi wangu wote ulikuwa ile karatasi.

Sasa nimtetee mwenye boti, juu naye ana haki. Ameshanunua mazutu, ameshalipa wafanyakazi na bandari. Tena ana hoja nzito kuliko ya muhuri: "Mukinilazimisha kurudisha feza kila siku ya upepo, nitatoka na upepo."

Hapo njo ninaogopa. Desemba 2014 meli Mutambala ilizama kwenye ziwa hili letu, upande wa Katanga, na watu zaidi ya 120 wakafa. Viongozi walitaja upepo mkali na kujaza kupita kiasi. Sisemi tiketi njo iliwaua. Lakini nasema kile nilichokifanya mwenyewe: siku ya pili, abiria walipoanza kumpigia kapiteni kelele atoke, na mie nilipiga kelele. Mie, mtu wa shule, nilimwita mwoga. Sikuwa naogopa maji, nilikuwa naogopa dola 45. Yeye alikataa, Mungu amubariki, na leo naandika.

Kwa hiyo sheria nzuri ya tiketi lazima iondoe haraka kwa pande zote mbili. Tiketi ikae hai mpaka boti itoke, bila nyongeza. Asiyeweza kungoja arudishiwe, wakikata kidogo kilichoandikwa mbele, si cha kubahatisha. Na neno la "leo hatutoki" lisemwe na komiseria ya ziwa, si na mwenye kuhesabu feza.

Kabla haijafika hivyo, tujilinde. Uliza mbele ya kulipa: isipotoka, tiketi yangu inakuwaje? Jibu liandikwe kwenye tiketi. Lipa nusu, nusu nyingine ukipanda. Ukilipa kwa simu, chunga mesaji. Na miezi ya upepo, usipange mzigo unaooza kwa siku moja tu.

Siku ya nne boti ilitoka. Walituomba tuongeze nusu ya bei, tukaongeza. Baraka, zaidi ya nusu ya vijiti havikuota, na wakulima wale walipoteza msimu kwenye sehemu ya shamba lao. Tiketi bado ninayo. Ile sentensi ya bluu inaanza kufutika, lakini bado inasomeka.