Lebo ya Kahawa ya Kamachumu

Kabla hajagusa kalamu wala kompyuta, anaweka mizani mezani. Ni mizani ndogo ya betri, kama ile ya waoka keki, inayosoma gramu moja moja. Anachukua pakiti za kahawa ya unga alizoletewa kutoka Kamachumu, anazipima moja baada ya nyingine, na kila namba anaiandika kwenye kaunta buku lenye jalada gumu. Pakiti zote zimeandikwa gramu 100 kwa kalamu ya wino mzito. Mizani inasema 96, 103, 98, 91, 104. Anapiga mstari chini ya 91, kisha anafunga buku.

"Kazi ya lebo inaanzia hapa," ananiambia. "Nikiandika 100 na ndani zimo 91, nitakuwa nimedanganya kwa maandishi."

Mwanamke huyu, ambaye hakupenda jina lake litajwe, amepanga chumba kimoja Kashai, mjini Bukoba. Mna meza, kompyuta mpakato, rula ya chuma, kisu cha kukatia karatasi, na dirisha moja kubwa ambalo ndilo lililomfanya achague chumba hicho. Anawafanyia kazi ya masoko wenye biashara ndogo za vijijini, kuanzia wakaanga kahawa na wafunga senene hadi warina asali na wakausha dagaa. Kwa miaka 13 alikuwa afisa masoko wa kampuni moja jijini Mwanza. Siku moja wafanyakazi wakaitwa ukumbini, wakaambiwa kampuni inapunguza watu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa aliyepunguzwa kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, ila miaka inayohesabiwa haizidi 10. Kwa hiyo miaka yake 13 ikawa 10, na hiyo 10 ikawa siku 70. Akapanda meli jioni, asubuhi akashuka bandari ya Bukoba na masanduku mawili na hesabu hiyo kichwani.

Mwanza alikuwa akitangaza vitu ambavyo watu walikwisha kuvijua. Huku amekuta kinyume chake: vitu vizuri ambavyo havijulikani ng'ambo ya kijiji. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiwa Kamachumu methali hiyo haina kasoro, maana kila mtu anajua kahawa hii ni ya nani, imekaangwa na nani, na mama yake alikuwa mtu wa namna gani. Lakini pakiti ikishapakiwa kwenye basi la Dar es Salaam haina tena jirani wa kuitolea ushahidi. Kazi ya mwanamke huyu ni kukiandika kwenye karatasi ya upana wa kiganja kile ambacho jirani angekisema.

Hatua ya pili ni safari. Hatengenezi lebo ya kitu ambacho hajakiona kikitengenezwa, kwa hiyo tukapanda gari asubuhi, tukaiacha barabara kuu ya Muleba pale Muhutwe, tukapanda kwenda Kamachumu. Pande zote ni vibanja: migomba juu, mibuni chini yake, na nyumba katikati. Mwenye kahawa ni mama wa makamo anayefanya kazi na wanawe wawili na mama mkwe wake. Mgeni wetu wa mjini akapiga goti uani.

"Shumalamu waitu," akaamkia.

Nilidhani angetoa daftari na kuanza maswali. Akaomba kigoda, akaketi mahali ambapo hazibi njia ya mtu, akatazama. Kahawa maganda, yaani buni iliyokaushwa ikiwa bado na ganda lake, ilikuwa imekobolewa na kupepetwa. Wakaimimina kwenye pipa dogo la chuma lenye mhimili na mpini, juu ya moto wa kuni. Kijana mmoja akazungusha kwa mwendo usiobadilika. Moshi ulikuwa mweupe mwanzoni, kisha ukaanza kunukia. Buni zikaanza kualika ndani ya pipa, kwanza moja moja, halafu kwa pamoja kama mvua inayoanza juu ya bati. Mama akainamisha kichwa, akasikiliza, akainua mkono. Pipa likafunguliwa, kahawa ikamwagwa kwenye ungo mpana, ikapepewa mpaka ikapoa. Ni hapo tu mgeni alipouliza swali lake la kwanza.

"Mama, pakiti iliyowahi kurudishwa ilirudishwa kwa nini?"

Mama akacheka kidogo, kisha akaingia ndani, akatoka na pakiti mbili zilizovimba kama mito. Mwenye duka wa Muleba alizirudisha akidai kahawa imeoza. Mgeni akazinusa, akazibonyeza, akauliza zilifungwa lini. Zilisagwa na kufungwa jioni ile ile ya kukaangwa. Hapo fumbo likafumbuka. Kahawa iliyotoka motoni huendelea kutoa hewa ya kaboni kwa siku kadhaa, na ukiifungia mapema hewa hiyo inakosa pa kwenda. Kahawa haikuwa imeoza; ilikuwa mbichi mno kufungwa. Wakakubaliana kwamba kuanzia sasa kahawa italala siku mbili kwenye ndoo iliyofunikwa bila kukazwa kabla ya kusagwa, na kila pakiti itapita kwenye mizani. Yeye angerudi baada ya wiki tatu. Lebo ilikuwa bado haijaanza, wala hakuna aliyeiulizia.

Kabla hatujaondoka, mama mkwe alituletea kahawa za kutafuna ndani ya kikapu kidogo, zile zinazochumwa kabla hazijaiva, zikachemshwa na majani na kukaushwa. Kwa Wahaya kahawa ilikuwa ya kutafunwa na kukaribishia mgeni tangu zamani, kabla haijawa zao la kuuza nje. Bibi akaibana moja kwa vidole, ikapasuka, akatuonyesha: punje mbili zimelala ubavu kwa ubavu ndani ya ganda moja. Akaeleza jinsi wazee walivyokula omukago, udugu wa damu, kila mmoja akila punje iliyotiwa damu ya mwenzake, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumsaliti mwenzake. Mgeni wetu akatafuna ya kwake polepole. Kisha akafungua kaunta buku na kuchora kwa penseli duara lililobonyea na punje mbili ndani yake. Mchoro wote ulikuwa mistari mitano. Nembo ilikuwa imepatikana, na bibi ndiye aliyeitoa.

Aliporudi chumbani Kashai hakuwasha kompyuta. Anaanza na maneno kwanza, kwa mkono, kwenye karatasi isiyo na mistari. Aliandika yote ambayo mama alitaka yaandikwe, kisha akaanza kukata. Alikata "bora", akakata "namba moja", akakata "ya kipekee". Kila neno analiuliza swali moja: nani atakushuhudia? Neno lisilo na shahidi linaondoka. "Imekaangwa kwa kuni" likabaki, kwa sababu alikaa pale akaona kuni. "Robusta ya Kamachumu, Muleba, Kagera" likabaki, kwa sababu mibuni iko nyuma ya nyumba.

Halafu akaja kwenye maelezo ya matumizi, na hapo alikaa siku mbili nzima. Bukoba kuna kiwanda cha TANICA ambacho tangu miaka ya 1960 kinatengeneza kahawa ya kuyeyuka, na kwa watu wengi wa mijini kahawa ni ile ya kopo: unachota, unakoroga, inapotea. Mtu wa namna hiyo akiweka kahawa ya kusaga kwenye maji ya moto atakoroga mpaka achoke, kisha atasema ameuziwa vumbi. Kwa hiyo alichemsha kahawa ile kwenye jiko la mkaa mara sita, kwa sufuria ya kawaida na kijiko cha kawaida, huku akiandika dakika. Sentensi iliyotoka ina maneno saba: "Haiyeyuki. Chemsha dakika tatu, iache itulie, kunywa." Nilipoisoma nilidhani ni sentensi nyepesi. Ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote.

Sasa ndipo kompyuta ikawashwa. Kuna mambo ambayo lebo ya chakula haiwezi kuyakosa: jina la bidhaa, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Ameyapanga upande wa nyuma, kwa herufi ambazo bibi mwenye miwani anaweza kuzisoma. Akaacha mstatili wa msimbo wa mistari, ule ambao kwa bidhaa zilizosajiliwa Tanzania huanza na 620. Kona ya chini kulia akaacha kiboksi cheupe, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Mama, aliyekuwa amekuja mjini siku hiyo, akakinyooshea kidole.

"Hapo si ndipo wanapoweka alama ya TBS? Wenzetu wanaiweka tu, mwanangu."

"Tutaiweka siku watakapotupa, mama."

"Na kabla ya hapo?"

"Patakaa peupe."

Akamweleza njia ilivyo: barua ya utambulisho kutoka SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo tangu 1973, kisha maombi kwa Shirika la Viwango, yaani TBS, kisha ukaguzi wa mahali pa kazi na upimaji wa sampuli. Akamwandikia hatua hizo kwenye karatasi kwa mpangilio, akampa. Mama akaikunja na kuifunga kwenye pindo la kanga.

Lebo ya kwanza ilichapwa nakala moja tu. Akaibandika kwenye pakiti, akaenda nayo kwa muuza duka jirani, akamwomba aiweke rafuni katikati ya nyingine, naye akasimama hatua tatu nyuma. Jina lilisomeka, nembo ikaonekana kama maharage. Akarudi, akaongeza unene wa ganda, akaufungua kidogo mstari wa katikati wa kila punje. Nakala ya pili aliimwagia matone ya maji na kuisugua kwa kidole chenye mafuta ya kula. Wino ukachuruzika, kumbe printa ya wino wa maji haifai kwa pakiti itakayoshikwa na mikono ya sokoni. Akahamia steshenari yenye printa ya leza. Nakala ya tatu ikakaa wiki nzima dirishani kwenye jua. Nyekundu ikafifia, kahawia ikabaki. Akaifuta nyekundu. Hakuna hata mara moja niliyomsikia akisema inatosha kabla haijatosha.

Kubandika nako kuna ufundi wake. Alikata kipande cha mbao nyembamba, akagongelea vijiti viwili vyenye kona ya mraba, akakipeleka Kamachumu. Pakiti inasukumwa mpaka ikae kwenye kona, lebo inashushwa ikifuata kijiti, kiganja kinapita mara moja kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Pakiti ya kwanza ya mama ilipinda. Ya nne ilinyooka. Ya kumi na kuendelea zilifanana kama askari gwarideni, na kila moja ikagongwa muhuri wa tarehe kwa mkono. Mizani ilikuwa pembeni. Nikaziangalia namba zake: 100, 101, 100, 100.

Kisha pakiti 30, si zaidi, zikagawanywa sehemu tatu: duka moja Muleba mjini, moja karibu na stendi ya Bukoba, moja karibu na bandari. Kila Ijumaa alizunguka akahesabu zilizobaki na kumuuliza mwenye duka nani alinunua na alisema nini. Bandarini zilimalizika kwanza. Wasafiri wa meli walizibeba kama zawadi. Muleba mjini ziliuzwa mbili, maana wenyeji kahawa wanayo nyumbani. Kwa mzigo wa pili Muleba hakupeleka kitu. Picha aliyowatumia wanunuzi wa mbali kwa WhatsApp aliipiga kwenye lile dirisha lake saa tatu asubuhi, pakiti ikiwa juu ya kipande cha lubugo, kitambaa cha gome la mti, bila pambo jingine.

Malipo yake anayapokea kwa awamu tatu, ya mwisho baada ya mauzo, na si mara moja amelipwa sehemu kwa mkungu wa ndizi. Hajatajirika. Nilipomuaga alikuwa ameshaanza lebo ya wafunga senene, maana senene wakishuka Novemba hawamsubiri mtu, na lebo isipokuwa tayari Oktoba imekosa mwaka. Mizani ilikuwa mezani tena.

Nilimwomba anionyeshe kaunta buku. Tangu siku ile ya namba 91 mpaka pakiti ya kwanza kuuzwa bandarini zilipita siku 66. Pakiti yangu ninayo hapa nikiandika. Kiboksi cha kona ya chini kulia bado ni cheupe, sampuli zimeshapelekwa.