Kaharabu si Ambari: Uhakiki wa Istilahi za Buibui wa Kale

Tumeletewa tuipitie rasimu ya tafsiri ya kijitabu kimoja kidogo, kilichoandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya watu wanaokusanya buibui wa kale walionaswa ndani ya kaharabu. Huenda msomaji akastaajabu kwamba kitabu cha namna hiyo kimetafutiwa Kiswahili. Sisi hatukustaajabu, kwani lugha inayodai kwamba yatosha kufundishia sayansi haina ruhusa ya kuchagua sayansi. Mfasiri amefanya kazi yake kwa bidii na sentensi zake nyingi zasomeka vizuri. Ila katika istilahi amejikwaa mahali kadhaa, na kwa kuwa makosa hayo si yake peke yake, tumeona yafaa kuyajadili hapa badala ya kumwandikia barua ya faragha.

Kosa la kwanza ndilo kubwa. Tangu jalada hadi ukurasa wa mwisho, kitu kile cha manjano kilichomhifadhi buibui kimeitwa ambari. Kila mzee wa pwani ajua ambari ni nini: ni kitu kitokacho tumboni mwa nyangumi, huelea baharini, huokotwa ufukoni, na hutiwa katika manukato. Hakuna buibui aliyepata kunaswa humo. Mfasiri amevutwa na sauti ya neno la Kiingereza, naye hakujua kwamba neno hilo la Kiingereza lenyewe limetoka katika Kiarabu, *anbar*, na kwamba Wazungu ndio waliolichanganya. Waliona vitu viwili vya thamani, vyote viwili vikiokotwa ufukoni, wakavipa jina moja. Baadaye Wafaransa wakalazimika kusema ambari ya kijivu na ambari ya manjano ili kuvitenga. Kiswahili hakikuwa na shida hiyo. Kilipokea ambari kwa kitu cha nyangumi na kaharabu kwa kitu cha mti, na kamusi za zamani zinayo maneno yote mawili. Kuandika ambari leo mahali pa kaharabu ni kuazima kwa jirani mkanganyiko ambao nyumbani hatunao.

Neno kaharabu lenyewe lastahili kuheshimiwa. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni kinyakuacho majani makavu, kwa sababu kaharabu ikisuguliwa kwa kitambaa huvuta makapi na vipande vya nyasi. Wayunani waliiita *elektron*, na kutokana na jina hilo mataifa ya Ulaya yamepata jina la umeme. Hata elektroni tunayoitaja katika vitabu vyetu vya fizikia, ukiichimbua, ni kaharabu tu. Waarabu wamefanya vivyo hivyo: *kahraba* kwao siku hizi ni umeme, na Mswahili aliyekulia Maskati aweza kushangaa kidogo akiambiwa kwamba buibui amekutwa ndani yake. Mshangao huo si sababu ya kuliacha neno. Maelezo ya mstari mmoja mwanzoni mwa kitabu yatatosha.

Pili, rasimu yasema kwamba kaharabu ni utomvu wa mti ulioganda. Hapa hatuna budi kumtetea mfasiri kidogo, maana waandishi wengi wa Kiingereza nao hukosea vivyo hivyo. Utomvu ni maji ya mti. Kaharabu haikutokana na maji hayo, bali na ule uowevu mzito unaonata ambao mti huutoa kuziba jeraha na kuzuia wadudu. Kiswahili kina neno lake, nalo ni ulimbo. Mtoto yeyote wa shamba aliyepata kutega ndege ajua ulimbo hufanya nini: hunasa. Basi buibui aliyekuwa akipita juu ya gome la mti akanaswa, ukamfunika ulimbo mwingine, ukazikwa ardhini, na katika muda mrefu sana ukabadilika ndani kwa ndani hata ukawa kaharabu. Ukisema utomvu, habari yote hii yapotea. Ukisema ulimbo, msomaji ameielewa kabla hujamaliza sentensi.

Kutokana na hapo tumepata pia jawabu la neno jingine. Kile kilichomo ndani ya kaharabu, kiwe buibui, jani au povu la hewa, mfasiri amekiita kijumuishwa. Hatuoni kimejumuishwa na nini. Kwa kuwa kimenaswa, na kiitwe kinaswa, wingi vinaswa.

Tatu ni kisukuku. Neno hili limekwisha kukubalika na hatuna ugomvi nalo. Ugomvi wetu ni na maelezo yaliyoambatanishwa, kwamba kisukuku ni kiumbe kilichogeuka jiwe. Mfupa waweza kugeuka jiwe. Buibui wa kaharabu hakugeuka. Aghalabu vinyweleo vya miguu yake vyaonekana, na macho yake yaweza kuhesabiwa. Katika kaharabu ya Lebanoni umepatikana uzi wa utando wenye umri wa miaka milioni 130 hivi, nao ungali na matone yake ya gundi. Mwalimu akimwambia mwanafunzi kwamba hayo yote ni mawe, mwanafunzi mwerevu atamwuliza jiwe gani lina vinyweleo, na mwalimu hatakuwa na la kujibu. Yafaa kisukuku kielezwe kuwa ni mabaki au alama ya kiumbe wa zamani iliyohifadhiwa kwa njia yoyote ile. Wala buibui asiitwe mdudu katika kitabu cha sayansi. Ana miguu minane, na wadudu wana sita.

Nne, buibui hawa wameitwa wa kabla ya historia. Neno hili twalikataa kwa sababu mbili. Kwanza halipimi kitu: kaharabu ya Baltiki ina umri wa kati ya miaka milioni 35 na 48 hivi, ile ya Dominika yapata milioni 16, na ile ya Myanmar yapata milioni 99, na kuzitia zote katika kapu moja ni kumdhulumu mkusanyaji. Pili, neno hilo twalijua tangu zamani. Liliwahi kutumika juu ya babu zetu, eti kwa kuwa hawakuandika, hawakuwa na historia. Sasa tumelikuta limehamia kwa buibui. Na iandikwe buibui wa zama za kale za dunia, kisha idadi ya miaka itajwe.

Tunakuja sasa kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Kijitabu kina sura moja juu ya ulimbo mkavu wa Afrika Mashariki na Madagaska, na humo mfasiri ameandika ambari changa. Kwa nini, iwapo twalo sandarusi? Msandarusi ungali unaota katika misitu ya pwani yetu, na wataalamu wa mimea huuita *Hymenaea verrucosa*. Katika karne ya 19 sandarusi ilichimbwa katika mashimo ya mchanga, hasa Uzaramo, ikapelekwa Unguja, kisha ikasafirishwa hadi Salem huko Marekani na bandari za Ulaya kutengenezewa vanishi. Biashara hiyo ilikuwa na istilahi zake. Sandarusi iliyotoka mtini karibuni, ambayo bado yanata, iliitwa chakazi. Ile iliyokaa ardhini hata ikaiva ilitambuliwa kwa vipele vyake vidogo juu ya uso, kama ngozi ya ndege aliyenyonyolewa. Burton aliliandika neno chakazi katika vitabu vyake, na wafanyabiashara wa Kizungu, waliposhindwa kulitamka, waliligeuza kuwa neno lao la punda. Kwa hiyo Mzungu aliazima istilahi kwetu na kuiharibu. Nasi leo twaiacha ile nzima tukaazime kwake.

Jambo hili si la fahari tu. Kaharabu ya kweli huhesabiwa kwa mamilioni ya miaka. Sandarusi iliyopimwa umri, hasa ya Madagaska, mara nyingi imekutwa na miaka mia chache tu, na pengine makumi. Buibui aliyemo ndani yake si wa zama za kale hata kidogo. Huenda jamaa zake wangali katika msitu ule ule. Lakini kwa macho vitu hivi viwili vyafanana, na wauzaji wasio waaminifu wajua. Tone la spiriti kali huinatisha sandarusi, wala kaharabu halijali tone hilo, lakini ni wanunuzi wachache wanaokubaliwa kulitia. Maji ya chumvi hayasaidii hapa: hutenga plastiki, ambayo huzama, ila kaharabu na sandarusi zote mbili huelea. Tafsiri inayoita vyote viwili ambari, huyu mkubwa na yule mchanga, yampa mlaghai ushahidi wa maandishi. Na mtumishi wa forodha atakayeletewa sanduku la vipande hivyo, akiwa na kitabu hiki mkononi, ataandika nini katika fomu yake?

Yapasa kukiri kwamba wanasayansi wenyewe hawakuwa na msimamo mmoja. Ni mwaka 2020 tu ambapo kundi la wataalamu lilipendekeza, katika jarida la *Scientific Reports*, kwamba ulimbo uliotoka kabla ya mwaka 1760, kurudi nyuma hadi miaka milioni 2.58, ubaki na jina la kopali, na ule wa baada ya mwaka huo upewe jina lingine lenye kukumbusha kupungua kwa wanyama duniani. Wako watakaosema: hiyo basi ndiyo chakazi. Sivyo kabisa. Mchimbaji wa Uzaramo aligawa kwa mkono na jicho, kwa kunata na kwa vipele. Wataalamu hao wamegawa kwa tarehe. Kipande cha mwaka 1800 chaweza kuwa kimekwisha kuiva, na cha mwaka 1700 chaweza kuwa bado. Twapendekeza sandarusi iwe jina la jumla, mgawo wa tarehe uitwe sandarusi kongwe na sandarusi ya karibuni, na chakazi libaki na maana yake ya asili ya hali ya kitu, si ya umri.

Limebaki neno moja, nalo ni la kuchekesha. Jamii ya kwanza kusifiwa katika kijitabu ni ile ambayo Koch na Berendt waliieleza mwaka 1854 kutokana na kaharabu ya Baltiki, wakaipa jina *Archaea*. Ilidhaniwa imetoweka, hata mwaka 1881 akaelezwa aliye hai kutoka Madagaska. Buibui hawa wana kichwa kilichoinuka na mataya marefu, nao huwinda buibui wenzao. Waingereza huwafananisha na ndege aitwaye mwari, na mfasiri, kwa uaminifu wote, ameandika buibui mwari. Sarufi haina kosa. Lakini msomaji wa Lamu au Tanga atakayeona maneno hayo mawili hatafikiria mdomo wa ndege. Ataona msichana aliyewekwa ndani, naye kajitanda vazi jeusi. Twashauri buibui mla-buibui, na *Archaea* iandikwe kando.

Rasimu tumeirudisha ikiwa na masahihisho hayo. Kuhusu sandarusi hatujamaliza. Wachimbaji walikuwa na majina ya rangi, ya ukubwa wa vipande na ya kina cha mashimo, nasi tumeyapata machache tu katika maandishi ya wageni. Msomaji wa Bagamoyo, Rufiji au Kilwa ambaye jamaa yake aliwahi kuifanya kazi hiyo aombwa atuandikie maneno anayoyakumbuka, pamoja na jina la kijiji yalikosemwa.