Juu ya Neno Dominika
Wakatoliki, ambao baraza la maaskofu wao lina makao Kurasini, Dar es Salaam, huiita Jumapili Dominika. Neno latoka Kilatini: Dominus ni Bwana, dies Dominica ni siku ya Bwana. Wako walitetealo kwa kuwa Jumapili ni siku ya pili, hali Injili yaihesabu ya kwanza. Hoja dhaifu! Jumamosi hadi Jumatano huhesabiwa baada ya Ijumaa. Lakini Alhamisi, yaani ya tano kwa Kiarabu, huhesabiwa tangu Jumapili. Mswahili ana siku mbili za tano katika juma moja, wala hapotei. Dominika lina haki iliyo bora: lamtaja mwenye siku. Ila asiyejua Kilatini hamsikii Bwana humo, mpaka afasiriwe.